Mtoto wa darasa la saba kufanya SAT: niliyoyaona mimi kama mwalimu wa hisabati

Ndugu mleta mada,

Umeeleza kwamba binti yako wa darasa la saba amepata pasentaili ya 99 (yaani amewapita watoto wapatao 99 kati ya kila 100 wa ngazi yake) katika mtihani sanifu wa hisabati wa darasa lake na ya 96 katika usomaji. Kwamba mshauri wa wanafunzi amependekeza aandikishwe kufanya SAT, mtihani ambao hapa Marekani hufanywa na vijana wa miaka 16 au 17 wanaojiandaa kwenda chuo kikuu. Na kwamba baba yake anaona huko ni kumtesa mtoto bure. Nimefundisha hisabati katika shule ya kati kwa miaka 19, na katika muda huo wanafunzi wangu kadhaa wamepitia njia hii, pamoja na wanangu wawili wa kuwazaa. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu hofu ya baba yake ina msingi, ingawa nadhani ameielekeza siko.

Pasentaili ya 99 haisemi mengi kama wazazi wanavyodhani. Mtihani wa darasa la saba umetungwa kumpima mwanafunzi wa kawaida wa darasa la saba. Maswali mengi ni ya kiwango cha katikati, magumu ni machache, na mtoto anayeyapata yote, au yote isipokuwa moja, hana tena mahali pa kuonyesha alichobaki nacho. Ni sawa na kupima kina cha kisima kwa kamba fupi: kamba imekwisha na maji hujayagusa, kwa hiyo unachokijua ni urefu wa kamba yako. Kati ya mtoto aliyeingia katika kundi hilo la juu kwa taabu na yule aliye kileleni kabisa kuna umbali mkubwa sana, na karatasi ya matokeo uliyoletewa nyumbani imewaandikia wote wawili namba ileile.

Mwaka mmoja niliwafundisha wavulana wawili waliokaa meza moja, wote wa pasentaili ya 99, wote wakimaliza zoezi kabla sijarudi kwenye kiti changu. Katika SAT, ambayo alama za kila sehemu huanzia 200 na kuishia 800, mmoja alipata 410 katika hisabati na mwenzake akapata 660. Kabla ya hapo nilikuwa ninawapa kazi ya ziada iliyo sawa. Yule wa 410 alikuwa hodari na mwangalifu, na kazi ile ilimfaa vizuri; yule wa 660 alikuwa akiifanya kwa adabu tu, huku akichora ramani za miji ya kubuni nyuma ya daftari, nami nikidhani ni mtoto mwenye mawazo mengi.

Baada ya matokeo nilimwita, nikampa swali nililolitunga mwenyewe: jumla ya namba mbili ni 7, na tofauti ya miraba yake ni 21, je, tofauti ya namba zenyewe ni ngapi? Hakuwa amefundishwa chochote kuhusu x² − y². Alijaribu 6 na 1, akapata 35. Akajaribu 5 na 2, akapata 21, akaandika jibu, 3. Nilidhani amemaliza. Akarudi kwenye ile 35 aliyokwisha kuikata, akaandika pembeni yake 5 × 7, na chini yake 3 × 7, akaniuliza, “Mwalimu, hivi huwa hivi siku zote?” Mtoto mwingine akifundishwa kanuni ile, kwamba tofauti ya miraba ni tofauti ya namba mara jumla yake, hulijibu swali hilo kwa sekunde kumi, na kasi hiyo inakuonyesha kwamba alisikiliza somo. Huyu aliifikia kanuni mwenyewe, kwa penseli, akiwa amesimama kando ya meza yangu.

Hapo ndipo ilipo mantiki ya kumpa mtoto mtihani wa waliomtangulia. Swali linalompima kijana wa miaka 17 kwa yale aliyofundishwa linampima mtoto wa miaka 12 kwa namna anavyofikiri anapokutana na jambo ambalo bado hajafundishwa. Wazo lenyewe ni la zamani: mwanasaikolojia Leta Hollingworth aliwapima watoto kwa njia hii huko New York mapema katika karne ya 20. Aliyelifanya kuwa utaratibu mpana ni Julian Stanley, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Aliletewa habari za mvulana aliyekuwa akiwashangaza walimu wa somo la kompyuta, akampa mitihani ya kuingilia chuo, akakuta kwamba shule ya sekondari haikuwa na cha kumfundisha, na mvulana yule akaanza chuo kikuu akiwa na miaka 13. Mwaka 1971 Stanley alianzisha utafiti wake wa vijana wenye kipawa cha hisabati, na Machi 1972 wanafunzi wapatao 450 wa eneo la Baltimore wakafanya mitihani ya wakubwa. Kituo cha Johns Hopkins cha vijana wenye vipawa kilitokana na kazi hiyo mwaka 1979. Chuo Kikuu cha Duke kilifuata mwaka 1980 na mpango wake, ambao siku hizi umefungwa. Kwa miaka mingi sharti la kuingia katika mipango hiyo lilikuwa kufikia pasentaili ya 95 katika mtihani wa darasa, kwa hiyo binti yako angestahili kwa masomo yote mawili.

Stanley hakuishia kwenye kupima, na hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila mzazi. Aliyefanya vizuri alipewa mtihani mwingine wa kuchunguza, tuseme wa aljebra ya mwaka wa kwanza, yakatazamwa maswali aliyoyakosa, kisha akafundishwa yale tu asiyoyajua. Kwa njia hiyo darasa la Jumamosi la watoto wa umri wa binti yako lilimaliza kwa takriban mwaka mmoja hisabati ambayo shule hugawa kwa miaka kadhaa. SAT ilikuwa mlango wa kuingilia. Siku hizi nawaona wazazi wakisimama mlangoni, wakipiga picha na cheti, na kurudi nyumbani.

Nami nina kosa langu, na afadhali niliseme mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alipofika darasa la saba nilimnunulia vitabu vya mazoezi, tukakaa naye kila jioni kwa miezi mitatu. Alama zake zilipanda kwa 70 kutoka jaribio la nyumbani hadi mtihani wenyewe, nami kwa kujivuna nikaomba aruke kozi nzima ya hisabati. Kufikia Novemba alikuwa akilia juu ya kazi za nyumbani. Nilikuwa nimempima kwa mazoezi yangu mwenyewe, na namba niliyoipata ilisema zaidi juu ya bidii ya baba kuliko juu ya mtoto. Tulimrudisha nyuma, na ilichukua mwaka mzima kabla hajaacha kusema kwamba yeye “si mtu wa hesabu”. Kwa hiyo binti yako afanye majaribio mawili ya mazoezi, ajue sura ya maswali, azoee programu ya mtihani na kikokotoo kilichomo ndani yake, basi. Kumfundisha ili apate alama ni kuifupisha tena kamba ya kisima.

Kuhusu kuyasoma matokeo: usitazame pasentaili zitakazoandikwa juu ya karatasi, kwa sababu zinamlinganisha na vijana wa sekondari. Mtoto wa miaka 12 anayepata 500 katika hisabati amekaribia wastani wa vijana wanaomzidi kwa miaka mitano, jambo ambalo ni kubwa, lakini karatasi itamwambia kwamba ni wa katikati, na mtoto aliyezoea 99 ataona amefeli. Mweleze kabla ya siku yenyewe, na umweleze tena asubuhi ya mtihani, kwamba kukosa nusu ya maswali ni jambo la kutarajiwa. Tofauti ya alama 20 au 30 usiitilie maanani, kwa maana mtihani wenyewe una kosa la upimaji la kiasi hicho. Tena usilinganishe alama zake na zile za kwenye maandishi ya zamani. Utasoma kwamba aliyepata 700 kabla ya miaka 13 alikuwa mmoja kati ya 10,000. Hayo yalisemwa juu ya SAT ya wakati ule. Vipimo vilipangwa upya mwaka 1995 na namba zikapanda, hasa za upande wa lugha. Mwaka 2005 maswali ya mlinganisho wa maneno yaliondolewa. Tangu Machi 2024 mtihani hapa nchini hufanywa kwa kompyuta, ambapo ugumu wa nusu ya pili ya kila sehemu hutegemea ulivyojibu ya kwanza. Hisabati ya sasa ina maswali 44 kwa dakika 70, na mengi ni ya aljebra. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kufundishwa aljebra hapimwi kwa kitu kilekile anachopimiwa yule ambaye hajafundishwa. Mwambie mshauri ni kozi gani binti yako ameshapitia. Bila habari hiyo alama hazisomeki.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema mambo haya ni ya watoto wa matajiri. Amekosea kuhusu mtihani, lakini kuhusu mlango amesema kweli. Anayefanya mtihani huu ni yule ambaye mzazi au mwalimu amemtaja, na sisi walimu huwataja watoto wanaofanana na picha tuliyo nayo vichwani ya mtoto mwenye akili. Wilaya moja kubwa ya shule huko Florida iliamua, mwaka 2005, kuwapima watoto wote wa darasa la pili badala ya kungoja watajwe. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipoyachunguza matokeo walikuta watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na wa familia maskini waliotambuliwa wameongezeka sana. Mtihani ule haukuwa wa waliowatangulia kama SAT, ila somo lake linahusu shule za kati vilevile. Mimi mwenyewe ningemtaja yule mchora ramani wa mwisho kabisa.

Sasa kuhusu baba yake. Saa mbili na dakika chache ndani ya chumba cha vijana wenye ndevu hazimdhuru mtoto aliyeandaliwa. Wanafunzi wangu wengi walirudi wakisimulia vitafunio vya mapumziko kuliko maswali. Kinachodhuru ni kumpima kisha kukaa kimya. Niliwahi kumpelekea mkuu wa shule moja matokeo ya msichana aliyepata 610, akaniambia kwa upole kwamba ratiba haimruhusu mtoto wa darasa la saba kuvuka jengo kwenda darasa la aljebra. Msichana yule alikaa mwaka mzima akirudia sehemu na uwiano, akijua sasa, kwa namba, kwamba wakati wake unapotea. Kabla ya mtihani alikuwa amechoka tu. Baada yake alikuwa na hasira, na hasira ile tulikuwa tumempa sisi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mwulize mshauri swali moja na umwombe alijibu kwa maandishi: binti yangu akipata 550 katika hisabati, ataketi darasa gani mwaka ujao wa masomo? Akikutajia darasa, saa na mwalimu, mwandikishe, na uanze mapema kwa sababu mtoto aliye chini ya miaka 13 hawezi kujifungulia akaunti ya usajili mwenyewe na utaratibu wake ni wa pekee. Akisema “tutaona”, tafuteni kwanza kozi ya majira ya joto au ya mtandaoni itakayompokea kwa alama hizo, ndipo mrudi kwenye usajili. Na binti mwenyewe aulizwe kama anataka. Binti yangu wa pili alikataa akiwa na miaka 12, akakubali akiwa na 13, na hakuna darasa lililokuwa limemkimbia.