Maswali yenu kuhusu Hungaria na Poland

Makala yangu kuhusu nchi za Ulaya ya Mashariki zilizotoka kwenye ukomunisti, zikaionja demokrasia kisha zikaanza kurudi nyuma, imeleta maswali mengi. Najibu machache.

Ni kweli Viktor Orbán aliwahi kupigania demokrasia? (Tanga)

Kweli kabisa. Tarehe 16 Juni 1989 Imre Nagy, waziri mkuu wa Hungaria aliyenyongwa baada ya mapambano ya 1956 dhidi ya Wasovieti, alizikwa upya kwa heshima mjini Budapest. Orbán, kijana wa miaka 26, alisimama mbele ya umati akadai majeshi ya Kisovieti yaondoke. Julai 2014 mtu huyohuyo, akiwa waziri mkuu wa Hungaria na akihutubia Băile Tușnad, Romania, alitangaza kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali, yaani isiyoweka uhuru wa mtu binafsi kuwa msingi wake.

Uchaguzi ulikuwa unafanyika kila baada ya miaka minne. Sasa demokrasia iliharibikaje? (Eldoret)

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika. Fuata hesabu. Mwaka 2010 Fidesz, chama cha Orbán, na mshirika wake walipata takriban asilimia 53 ya kura, wakavuna viti 263 kati ya 386. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili, na mwenye theluthi mbili Hungaria hubadili katiba bila kumwomba mtu. Mwaka 2011 wakapitisha katiba mpya peke yao. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipoamua Novemba 2012 kwamba hatua hiyo ilivunja sheria, nafasi nyingi zilikuwa zimeshajazwa. Bunge likapunguzwa hadi viti 199, majimbo yakachorwa upya, duru ya pili ya uchaguzi ikafutwa. Mwaka 2014 kura zao zikashuka hadi asilimia 45 hivi. Viti? 133, theluthi mbili ileile.

Kila hatua ukiitazama peke yake utaona jambo la kawaida. Nani ataandamana kwa sababu ya umri wa jaji kustaafu? Mimi naamini hapo ndipo watu walipaswa kuandamana.

Na magazeti? (Morogoro)

Népszabadság, gazeti kubwa lililoikosoa serikali, lilifungwa Oktoba 2016. Wamiliki walisema ni hasara. Mwishoni mwa 2018 matajiri walio karibu na serikali waliukabidhi wakfu mmoja vyombo vyao vya habari zaidi ya 400, bila malipo.

Mdogo wangu alisoma Debrecen, Hungaria, anasema kulikuwa na amani tupu. Mnatutisha bure? (Nakuru)

Mdogo wako anasema kweli. Mgeni hakuona vifaru barabarani. Lakini Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, kilichoanzishwa Budapest kwa fedha za tajiri George Soros, kililazimika kuhamishia masomo yake Vienna mwaka 2019. Sheria moja ya 2017 kuhusu vyuo vya kigeni ilitosha.

Kwa nini wananchi walimchagua? (Mombasa)

Kwa sababu walikuwa wameumizwa. Mwaka 2006 ilivuja sauti ya waziri mkuu wa kisoshalisti, Ferenc Gyurcsány, akikiri kwa wenzake kwamba walikuwa wamewadanganya wananchi. Miaka miwili baadaye msukosuko wa fedha ukafika, na familia nyingi zilikuwa zimekopa nyumba kwa faranga za Uswisi. Faranga ikapanda thamani, na marejesho yakapanda haraka kuliko mishahara. Siwalaumu waliotaka mabadiliko.

Inawezekana kuirudia demokrasia? (Arusha)

Tazama Poland. Chama cha Sheria na Haki kilitawala miaka minane kuanzia 2015, kikabadili baraza linalopendekeza majaji ili wengi wa wajumbe wake wachaguliwe na bunge. Oktoba 2023 wapiga kura walijitokeza kwa asilimia 74, na Desemba Donald Tusk wa upinzani akawa waziri mkuu. Furaha ilikuwa kubwa, kazi ikawa ngumu, kwa kuwa rais alitoka upande wa waliotangulia na angeweza kukataa kutia saini sheria mpya. Isitoshe, majaji zaidi ya 2,000 waliteuliwa kupitia baraza lile. Wameshatoa talaka, wamegawa mirathi, wamefunga wezi. Ukiwaondoa wote, hukumu zao unazifanyaje?