ERA italigusa kanisa letu?

Mzee, umeuliza kama marekebisho ya usawa wa jinsia katika Katiba ya Marekani, yaani ERA, yatawalazimisha kumsimika mchungaji mwanamke au yatawaondolea msamaha wa kodi.

La mchungaji lisikunyime usingizi. Andiko lililopitishwa na Kongresi mwaka 1972, ambalo bado halijachapishwa kama sehemu ya Katiba, linaizuia serikali kuu na majimbo kunyima haki kwa sababu ya jinsia. Halilitaji kanisa. Tena katika kesi ya mwaka 2012 ya Hosanna-Tabor, kanisa lenye shule lililoshtakiwa kwa kumfukuza mwalimu, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba serikali haiwachagulii waumini wahudumu wao. Ila kinga hiyo inafuata kazi, na cheo kitupu hakitoshi: mfagizi mkimwita "mhudumu" bado ni mfagizi. Andikeni majukumu ya kila mtumishi, nani anahubiri, nani anafundisha dini.

La kodi lina uzito zaidi. Mwaka 1983 Mahakama hiyo iliunga mkono Bob Jones University, chuo cha Kikristo, kunyang'anywa msamaha wa kodi kwa ubaguzi wa rangi, na wenye hofu wanaona hoja hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye jinsia. Lakini hukumu yenyewe ilisema inahusu shule za dini, si makanisa. Kama mna shule, mwoneni wakili.

Mkitaka kuandika barua ya kuomba kifungu cha kulinda dini, msiipeleke Washington, maana andiko la 1972 halihaririki tena. Ipelekeni kwa mbunge wa jimbo, kama jimbo lenu lina rasimu yake lenyewe ya marekebisho kama haya, na mwandike sentensi mnayotaka iongezwe, neno kwa neno.