"Tumeongea na afisa" si pingamizi: kwa vijana mnaoingia kazi ya madeni ya kodi

Jumanne iliyopita nilimuuliza kijana mmoja ofisini kwetu asesimenti ya mteja wetu wa duka la vipuri, yaani makadirio ya kodi aliyoletewa na KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), imefika wapi. Akanijibu kwa utulivu: "Iko sawa. Nimeongea na afisa, amesema tulete taarifa za benki kisha ataangalia." Nikamuuliza leo ni siku ya ngapi kati ya zile 30 za kuwasilisha pingamizi, yaani hati rasmi ya kuibishia asesimenti. Hakujua. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani, ikawa siku ya 26. Niliinuka nikaenda kunywa maji, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021, na kuna mzee mmoja Nakuru aliyeyalipia kwa miaka miwili.

Nyinyi ni wazuri kuliko sisi tulivyokuwa. Mnaijua iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, hata gizani na sheria mnazisoma kwenye simu mkiwa ndani ya matatu. Lakini kila mwaka naona makosa yale yale yakirudi na nguo mpya, na anayeumia si ajenti wa kodi kama sisi, ni mteja. Kwa hiyo kaeni, someni hadi mwisho.

1. Kabla ya kugusa deni, angalia barua pepe iliyosajiliwa kwenye PIN, yaani namba ya mlipa kodi.

Nusu ya wateja wetu walifunguliwa PIN kwenye saiba, duka la intaneti, na barua pepe iliyoandikwa pale ni ya mwenye saiba. Ilani zote za KRA zinaenda kwa mtu ambaye pengine alishafunga duka akarudi kwao. Mama mmoja wa mitumba alikuja kwangu akiwa na adhabu za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za miezi 36. Hajawahi kuuza kitu cha VAT maishani. Aliyemfungulia PIN alimwongezea jukumu la VAT pamoja na mengine, labda akidhani anamfanyia hisani, na kila mwezi ambao ritani, yaani taarifa ya kodi, haikuwasilishwa ulizaa adhabu ya 10,000. Laki 3 na elfu 60 kwa mtu anayepanga blauzi kwenye turubai! Alikuwa ameacha kulala. Tulibadilisha barua pepe, tukaomba jukumu lile liondolewe, kisha tukaanza kuandika barua moja baada ya nyingine. Kazi ilichukua karibu mwaka. Ingekuwa ya wiki moja kama mtu angemwambia mapema.

2. Siku 30 ni siku 30.

Hapa nitakaa kidogo.

Yule mzee wa Nakuru ana hadiwea: saruji, mabati, misumari, rangi. Alikuja na asesimenti ya mwaka wa 2019. Benki yake ilionyesha kuwa zimeingia shilingi milioni 4.6 zaidi ya mauzo aliyotangaza, na pengo hilo likahesabiwa kuwa mauzo yaliyofichwa: VAT ya asilimia 16, yaani 736,000, na kodi ya mapato juu yake. Jumla ikapita milioni 2, kabla ya adhabu na riba.

Nilimuuliza zile milioni zimetoka wapi. Hakusita. Milioni 1.5 ni mkopo wa SACCO. Milioni 3.1 ni za chama. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha majirani 31, na kwa sababu chama hakikuwa na akaunti, fedha zilipitia kwake. Akatoa mfukoni mwa koti kaunta buku lenye jalada jeusi: kila mwezi, kila jina, kila sahihi, nani ameweka na nani amepewa. Katika miaka yangu yote sijaona ushahidi safi kama ule. Nikamwambia, "Mzee, nenda nyumbani ukalale. Hii tumemaliza."

Nikaweka kile kitabu kwenye droo yangu.

Nilikwenda kuonana na afisa. Alinipokea vizuri, akanisikiliza, akasema maelezo yana mantiki, nilete karatasi. Nilitoka pale kifua mbele. Wiki iliyofuata nikampigia, tukaongea tena. Nikapeleka barua ya SACCO kuhusu mkopo. Nikampigia mzee: "Tumeongea nao, wanaelewa." Wakati huo msimu wa ritani za Juni ulikuwa umepamba moto, na nilikuwa na faili nyingine hamsini. Nilikuwa na hakika kwamba jambo lenye ukweli mwepesi kiasi kile halihitaji haraka.

Kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Kodi nilikijua kwa moyo. Pingamizi liwe la maandishi, liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu kupewa uamuzi, lieleze hoja kwa ukamilifu, liseme unataka nini kirekebishwe na kwa nini, liambatane na nyaraka, na kodi isiyobishaniwa iwe imelipwa au imewekewa mpango. Nilikuwa nimekifundisha kwa wengine! Lakini moyoni nilikuwa nimejiaminisha kwamba mazungumzo yetu ndiyo pingamizi, na kwamba kubofya kwenye iTax ni utaratibu tu nitakaoukamilisha nikipata nafasi.

Siku ya 43, Ijumaa, mzee alinipigia saa nne asubuhi. Alikuwa amesimama kaunta ya benki akitaka kuwalipa vijana wake sita. "Mwanangu, hawa wananiambia akaunti imeshikwa." Ilani ya uwakala, yaani agizo la KRA la kuitaka benki itoe fedha za mdaiwa, ilikuwa imefika benki. Ndani mlikuwa na 340,000, na kwenye hizo nyingi zilikuwa za chama, zikisubiri kugawanywa wiki ile ile kwa ajili ya karo. Zilikwenda zote.

Nilifungua droo. Kitabu kilikuwa pale pale nilipokiweka.

Jioni ile niliandika ombi la kuwasilisha pingamizi nje ya muda. Sheria inaruhusu kama hukuwa nchini, au ulikuwa mgonjwa, au una sababu nyingine ya maana. Mzee hakuwa amesafiri. Hakuwa mgonjwa. Sababu yake ilikuwa mimi, na ajenti kusahau si sababu ambayo mtu atakusikiliza nayo kwa urahisi. Ombi lilikataliwa. Sikulalamika, maana afisa hakuwahi kuniambia kwamba maneno yake yanasimamisha saa. Niliyejiambia hivyo ni mimi.

Nilipanda gari kwenda Nakuru kumwambia ana kwa ana. Alinisikiliza hadi mwisho, akamwita mkewe alete chai, kisha akauliza jambo moja tu: "Sasa wale wa chama nitawaambia nini?" Aliuza ng'ombe wawili akawarudishia fedha zao kabla shule hazijafunguliwa. Baki ya deni tuliigawa katika awamu 24 za elfu 74. Nilimrudishia ada yangu yote, na kila awamu nilikuwa nikichangia kidogo, ingawa alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Alimaliza Agosti 2023. Msamaha wa kodi ulipoanza mwezi uliofuata, riba na adhabu zake zikafutwa, kwa sababu deni lilikuwa la kipindi cha kabla ya mwisho wa 2022 na kodi yenyewe alikuwa ameshailipa. Wote walifurahi. Mimi nilifurahi nusu, kwa kuwa ile kodi yenyewe hakuwa akidaiwa na mtu yeyote chini ya jua. Ilikuwa mkopo na akiba ya majirani.

Basi. Siku asesimenti inapoingia mlangoni, andika tarehe tatu juu ya faili kwa kalamu nyekundu: siku ya kupokea, siku ya 20, siku ya 30. Pingamizi liende kabla ya siku ya 20. Ukishaliwasilisha, ongea na afisa kadiri upendavyo, kunyweni hata chai. Kamishna naye ana siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali, na zikipita kimya, pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo ile risiti ya iTax yenye tarehe ihifadhi kama cheti cha ndoa.

3. Swali la kwanza kwa kila mteja: "Fedha za nani nyingine hupita kwako?"

Chama, mkopo, ndugu aliye Dubai anayejenga kwao, shamba lililouzwa, michango ya matanga. Uliza kabla hujaona taarifa ya benki, uulize kwa upole, na usikatize jibu. Mtu mwenye deni la kodi anakuja kwako akiwa amechelewa na ana aibu. Ukimkaripia siku ya kwanza, hatakuambia kuhusu ile till ya pili, namba anayopokelea malipo kwa simu.

4. Mpango wa awamu utoke kwenye daftari la mauzo, usitoke kwenye fahari.

Mteja akiwa mbele ya afisa hupenda kuonekana mwanamume. Nilikuwa na mwenye hoteli ndogo Thika aliyesema "laki mbili kila mwezi" kabla sijafungua mdomo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akadhani ni bahati mbaya, akaniomba radhi! Alilipa miezi miwili. Na mnajua sheria inavyosema: ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Tulirudi mwanzo tukiwa na sura mbaya zaidi. Siku hizi naomba mauzo ya miezi 12, natafuta miezi mitatu mibaya kabisa, na awamu naipima kwa hiyo. Na lazima mteja aelewe kwamba kodi za sasa zinaendelea: PAYE, ile kodi ya mishahara, tarehe 9, VAT tarehe 20. Anayelipa deni la zamani huku akijenga jipya anajaza pipa lililotoboka.

5. Kagua leja ya mteja kwenye iTax mstari kwa mstari kabla ya kukubali deni, maana malipo mengi "yaliyopotea" yapo, yameingia tu kwenye kodi nyingine au mwezi mwingine.

6. Fedha ya kodi isipitie kwenye simu yako wala akaunti yako hata siku moja. Tengeneza namba ya malipo, mteja alipe mwenyewe.

7. Ada.

Usitoze asilimia ya kodi "uliyookoa". Najua wengine hufanya hivyo na wana magari mazuri. Ukishakula asilimia, utaanza kupigania hata ile kodi ambayo mteja anadaiwa kweli, na siku nyingine kazi yako ni kumwambia, "Hii unadaiwa, tuilipe vizuri." Andikeni mkataba wa kazi, ukurasa mmoja unatosha, useme utafanya nini na hutafanya nini. Na akikuuliza kama hakuna mtu wa kuonwa ili mambo yaishe haraka, mwambie hakuna, na kama hatosheki, mrudishie karatasi zake.

8. Usiogope Jopo la Rufaa za Kodi.

Pingamizi likikataliwa, una siku 30 za kuwasilisha ilani ya rufaa, kisha siku 14 za nyaraka. Vijana wengi huishia kwenye barua ya kukataliwa kana kwamba ni neno la Mungu. Mazungumzo ya usuluhishi nje ya Jopo nayo yapo, na kwa kesi za nyaraka, kama zile za benki, nimeyaona yakifanya kazi nzuri sana, mradi uwe na kitabu mkononi na si ndani ya droo.

Ile ya vipuri tuliiwasilisha Jumatano usiku, siku ya 27, mtandao ukikatika mara tatu, na kijana wangu aliketi hadi risiti ilipotoka ndipo akaniaga. Jumatatu saa mbili asubuhi nataka kila mmoja aje na orodha ya faili zake zote na tarehe zake. Asiye na tarehe asiketi kwanza.