Nairobi wananipa 80,000. Nihame Dar?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wangu ni shilingi 1,100,000 kabla ya makato. Naishi Tabata Segerea na mama yangu na mwanangu, nyumba nimepanga kwa 200,000 kwa mwezi. Sasa kuna kampuni ya Nairobi inanitaka kwa shilingi 80,000 za Kenya, ambazo kwa hesabu yangu ni zaidi ya milioni moja na nusu. Ofisini wamegawanyika. Wengine wanasema Kenya wametupita mbali kimaisha, nisilaze damu. Wengine wanasema kule ni maandamano na njaa tu. Mtoto yuko darasa la pili shule ya serikali, na mama ndiye anayebaki naye nikiwa kazini. Maisha bora yako wapi, kwao au kwetu?
Mama wa Segerea

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wa ofisini kila upande una ushahidi wake, ndiyo maana ubishi hauishi. Ukigawa pato la taifa kwa vichwa, Mkenya anapata kama dola 2,000 kwa mwaka na Mtanzania kama 1,200. Benki ya Dunia ilituingiza kwenye kipato cha kati cha chini Julai 2020, wenzetu walikwishatangulia. Lakini geukia takwimu za umri wa kuishi: sisi tuko kwenye miaka 67, wao kama 64. Haya, nani kamzidi mwenzake? Waache wabishane, wewe leta kalamu.

Shilingi moja ya Kenya tuiweke 19 za kwetu. 80,000 zako ni 1,520,000, hapo hujakosea. Ila hizo hutazishika. Kule utakatwa kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 iliyoanza Oktoba 2024, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, hata kama huna mpango wa kujenga Kenya maisha yako yote. Mkononi inabaki 58,000 hivi, yaani milioni 1.1. Hapa nyumbani, ukitoa NSSF asilimia 10 na kodi ya mapato, unashika kama 864,000. Kwa hiyo ile tofauti ya laki nne na ushee uliyoiona imeshapungua hadi karibu laki mbili na nusu, na bado hujapanda basi.

Kwenye nyumba Nairobi wametushinda, nasema bila kinyongo. Mdogo wangu alipohamia Kasarani alilipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, akapewa funguo. Chumba kimoja na sebule 16,000, anatuma kwa simu kila mwezi, hakuna anayemgongea mlango. Wewe hapa Segerea unajua mchezo: mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anadai mwezi wake kwa kukuonyesha geti ambalo ungeliona mwenyewe. Kwa kodi yako ya laki mbili hiyo ni 1,400,000 kabla hujanunua hata pazia. Kule, kwa 32,000 za kuanzia, ambazo ni kama laki sita za huku, umeshaingia. Sijui kwa nini tumekubali kuishi hivi. Nusu ya mikopo ninayoandikiwa kwenye safu hii chanzo chake ni kodi ya miezi sita. Ila angalia pia upande wa pili: ukishaingia, kila mwezi unalipa kama laki tatu kwa nyumba ndogo kuliko uliyonayo.

Nauli nazo. Daladala zetu zina kelele na msongamano, lakini nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, safari fupi 600, inyeshe isinyeshe. Matatu, ndiyo daladala ya Nairobi, inapanda bei jioni, na mvua ikishuka inapanda tena. Konda anakutajia bei mlangoni, unachagua kupanda au kulowa. Tenga 5,000 za kule kwa mwezi uombe Mungu.

Chakula sitakiongelea sana. Vitunguu utakavyokata Nairobi pengine vimetoka kwetu, ila utavinunua kwa bei ya huko. Maziwa ni mazuri na chai yao utaipenda. Julai utatafuta sweta, mji uko juu zaidi ya mita 1,600, na feni utaisahau.

Kinachonipa wasiwasi ni mtoto. Hapa anasoma bila ada na kwa Kiswahili. Nairobi darasani atakuta Kiingereza tangu asubuhi, na wafanyakazi wengi wa kiwango chako wanapeleka watoto shule za binafsi. Hata ya bei ya chini, ukigawanya ada kwa miezi, weka 4,000. Halafu nani atampokea mchana? Dada wa kazi, weka 12,000. Kodi, nauli, shule na dada: 37,000. Zinabaki 21,000, yaani laki nne, za chakula, gesi, umeme, nguo na dawa. Hapa, ukitoa kodi ya nyumba na 60,000 za daladala mbili kwenda na kurudi, unabaki na laki sita. Na sijakuuliza mama atabaki nyumba ya nani. Akibaki Segerea, ile laki mbili ya kodi inakufuata Nairobi.

Kwa mshahara wao wa sasa, mwanangu, unahama ili upungukiwe. Bibi anayepika uji saa kumi na mbili asubuhi na kumfuata mjukuu shule bila kulipwa hayumo kwenye takwimu za Benki ya Dunia, lakini kwenye bajeti yako anabeba zaidi ya laki mbili.

Sikukatazi kwenda. Kampuni nyingi za eneo hili zina ofisi zao kubwa Nairobi, na mtu anayeijua bandari ya Dar kama wewe ana thamani kule. Waambie 120,000. Hapo utashika kama 84,000, na ukitoa zile 37,000 zinabaki karibu laki tisa za kwetu. Wakishuka chini ya 100,000, washukuru uendelee na kazi. Wakikubali, mtoto amalize mwaka wa masomo kwanza, wewe utangulie.

Na kibali cha kazi akiombe mwajiri kabla hujafungasha. Pasi inakuingiza Kenya kama mgeni, haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Wakikwambia "njoo tu, tutamalizia ukiwa huku", usipande hilo basi.