Jibu: Eneo la kuchapa lijirekebishe lenyewe kwenye Excel

Mkuu, umesema ukiongeza mauzo mapya printa inaiacha mistari ya chini, na ukichagua kolamu nzima zinatoka kurasa tupu. Fomula inatosha, makro (vijiprogramu vya ndani ya Excel) hazihitajiki.

Kwanza weka eneo la kuchapa kwa kawaida, lolote tu, ili jina Print_Area lizaliwe. Bonyeza Ctrl+F3 ifunguke orodha ya majina (Name Manager), bofya New, jina jipya liite "eneo", na kwenye Refers to andika hivi (shiti yako nimeichukulia inaitwa Mauzo, kolamu A hadi F):

=Mauzo!$A$1:INDEX(Mauzo!$F:$F,MATCH(9.99E+307,Mauzo!$A:$A))

Kisha kwenye orodha hiyo hiyo rudi kwenye Print_Area, futa kilichomo, weka =eneo.

Hiyo namba kubwa isikutishe. MATCH inaitafuta, haiipati, inaishia kwenye namba ya mwisho ya kolamu A. Tarehe zako za kolamu hiyo Excel inazihesabu kama namba, kwa hiyo ndipo mstari wa mwisho ulipo. Wengi watakwambia utumie COUNTA (inayohesabu seli zenye kitu), lakini hiyo ukiruka seli moja tu hesabu inapungua, na fomula zinazorudisha "" (seli inaonekana tupu) nazo inazihesabu. Nahisi hizo kurasa tupu zimetokana na fomula za namna hiyo. Ila kama kolamu A ni majina tu bila namba, MATCH hii haikufai.

Kero yake moja: ukigusa Page Setup, hata kubadili pambizo tu, Excel huigeuza Print_Area kuwa anwani ya kudumu. Panga pambizo kwanza, =eneo iwe ya mwisho. Ikitokea imegeuka, iandike upya.