Nyumba ya enzi za Malkia Victoria haitaki saruji

Ukienda kuangalia nyumba ya matofali ya zamani huku Uingereza, acha kwanza habari za jiko na bafu. Toka nje na ufunguo, ukwangue ule udongo uliopo kati ya tofali na tofali. Ukimomonyoka unga mweupe, hiyo ni chokaa, shukuru Mungu. Ufunguo ukiteleza kama umegusa jiwe, kuna mtu kashapitisha saruji, na hasara yake ni yako.

Nyumba yetu ya Leicester ni ya miaka ya 1880, moja katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana. Enzi hizo walijenga kwa kasi: kodi ya matofali ilifutwa 1850, ya madirisha 1851, na reli ikaleta mawe ya kuezekea kutoka Wales. Tazama ukuta wake: tofali moja limelala kwa urefu, la pili limetoa kichwa, hivyo hivyo mpaka juu. Vichwa hivyo vinakwambia ukuta hauna uwazi katikati, unene wake sentimita 23 hivi. Mvua ikiupiga unakunywa maji, kukikauka unayatoa, mengi kupitia ile chokaa.

Fundi niliyemwita akajaza saruji kati ya matofali kote. Ukapendeza kweli! Kufika baridi ya pili, maji yaliyokosa njia yakaganda ndani ya matofali, na nyuso zikaanza kubanduka. Kila asubuhi nafagia vipande vyekundu mlangoni. Ndani, nyuma ya kabati, ukungu mweusi.

Na mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, aibu iliyoje! Babu aligombana na kila mpangaji aliyetaka kupiga plasta ya saruji juu ya kuta zake za mawe na chokaa. "Mtaunyonga ukuta," alikuwa akisema. Nilidhani ni ubahili.

Basi ukiona unyevu, usikimbilie wauza dawa za ukuta. Simama nje mvua ikinyesha uone kama gata linavuja. Angalia vile vitofali vya matundu karibu na ardhi, vinavyopitisha hewa chini ya sakafu. Vyetu vilifukiwa na bustani, mbao za sakafu zikawa zinaoza chini kwa chini. Saruji itolewe kwa patasi na nyundo, maana mashine hula kingo za matofali, kisha irudishwe chokaa. Halafu subiri. Ukuta wetu wa nyuma ulikula kiangazi kizima kukauka, na kabati bado sijalirudisha pale.