Mkianza kusoma kebo za umeme za angani, msiishie kwenye volti

Karibu kila mwanafunzi wa fizikia anayenijia hapa Kisumu na wazo la kebo za angani, yaani waya mrefu unaoning'inia kwenye setilaiti na kuzalisha umeme unapokata uga wa sumaku wa Dunia, huwa na hesabu moja tayari: kasi mara uga wa sumaku mara urefu. Ni sahihi. Setilaiti ya mzingo wa chini huenda kama kilomita 7.5 kwa sekunde, uga wa sumaku huko ni takriban tesla 0.00003, hivyo kila mita ya waya ulio wima hupata karibu volti 0.2. Na huku kwetu ikweta uga umeelekea kaskazini karibu kulala, kwa hiyo waya wima unaosafiri kuelekea mashariki unafaidi sana. Basi anazidisha kwa kilomita 20, anapata maelfu ya volti, anafunga daftari.

Msilifunge bado. Huko juu hakuna waya wa pili wa kurudisha umeme. Ayonosfia yenyewe, tabaka la juu la hewa lenye plazma (gesi ya elektroni na ayoni, yaani atomi zenye chaji), ndiyo inayokamilisha saketi. Ncha ya juu inyonye elektroni kutoka kwenye plazma, ya chini izitoe. Zikikosekana, volti zote hizo hazisukumi kitu. Ndiyo maana mkondo hupanda mchana na kushuka usiku, elektroni zinapopungua, hata kama waya haujabadilika.

Someni kwa makini jaribio la TSS-1R la Februari 1996, ambapo setilaiti iliachiliwa kwa kebo kutoka kwenye chombo cha angani cha Columbia. Kebo ilikuwa imefunguliwa kilomita 19.7, ikiwa na takriban volti 3,500, ilipokatika. Palikuwa na kasoro kwenye kihami, yaani ganda la kuzuia umeme. Umeme ukaruka hapo, ukaunguza kebo hadi ikaachia. Kinachonisisimua mimi ni kwamba mkondo wa kama ampea 1 uliendelea kupita hata baada ya kukatika, kupitia gesi iliyotoka kwenye ile ncha iliyoungua. Kabla ya hapo pia, setilaiti ilikuwa ikikusanya mkondo mara mbili au tatu ya ule uliotabiriwa na nadharia ya Parker na Murphy ya 1967. Nadharia hiyo ilichukulia kitu kilichotulia ndani ya plazma, ilhali setilaiti huzipita ayoni kwa kasi. Kaeni hapo, pana kazi ya shahada nzima.

Kuna pia waya usio na kihami, unaokusanya elektroni kwa urefu wake. Huo uje baadaye.

Kwa sasa chukueni modeli ya IRI (International Reference Ionosphere), inayokadiria wingi wa elektroni kwenye ayonosfia; ni ya bure. Wekeni latitudo na longitudo ya Kisumu, kimo cha kilomita 300, saa sita mchana na saa sita usiku. Kokotoeni mkondo, si volti, kisha mniletee grafu zote mbili.